Moto wa Kuomba kwa Jirani

Majuzi nilirudi Bunia kwa kazi. Benki yetu ilikuwa inafungua tawi, na mimi, kama mkurugenzi, nilitakiwa kuwepo na kutabasamu mbele ya wageni. Gari lilipopunguza mwendo karibu na soko, nikaona msichana anakimbia na kopo la maziwa ya unga lililofungwa mshikio wa waya. Ndani yake mlikuwa na makaa ya moto, naye alikuwa analizungusha hewani ili yasizimike. Nikamwomba dereva asimame. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, lakini, rafiki yangu, mzima sikuwa.

Nilipokuwa mdogo ni mimi niliyekimbia hivyo. Katika mtaa wetu hakuna aliyepoteza kijiti cha kiberiti asubuhi. Aliyewahi kuwasha moto aliwagawia wengine, basi. Kwa kawaida aliyewahi alikuwa mama jirani, kwa sababu alikuwa akipika mandazi ya kuuza, na kabla hapajapambazuka vizuri ungesikia mafuta ya ngazi, yaani mawese, yanachemka upande wa pili wa ua. Mama aliniamsha kwa kuvuta blanketi lote kwa mara moja, jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe, kisha akanipa kopo.

Mama jirani aliokota makaa kwa vidole vitupu kana kwamba ni viazi. Lakini hakukupa upesi. Kwanza alikuuliza mumelalaje, kisha akakutuma habari. "Uambie mama, muke ya mwalimu amezaa." "Uambie baba asipite njia ya Nyankunde leo, iko mubaya." Ndipo akakuwekea makaa, na kama siku ile alikuwa na moyo mwepesi, akakutia na andazi mkononi. Nilirudi na moto na habari pamoja, na chai ilipochemka nyumba yetu ilikuwa imejua kila kitu. Tulikwenda shule tukinuka moshi wa mikaratusi. Mwalimu alizoea kusema darasa lake linanuka kama mzigo wa samaki wa kukaushwa moshini wa Mahagi-Port, nasi tulicheka kwa sababu yeye mwenyewe alinuka vilevile.

Baba alikuwa karani katika kampuni ya kununua kahawa. Alikuwa mtu mwema mwenye wazo moja tu kichwani, nalo lilikuwa cheo. Shati lake alilipiga pasi mwenyewe, hakumwamini mtu. Siku walipomfanya chef, yaani mkuu wa ofisi, mama alicheza uani bila ngoma, na mama jirani akaleta beseni zima la mandazi. Nilikula mpaka tumbo likauma. Sitakudanganya, siku ile tulifurahi sana.

Kisha likaja geti. Ukaja ukuta mahali pa ule ua wa miti. Likaja na jiko la petroli, yaani la mafuta ya taa, lililovushwa ziwa kutoka Uganda, ambalo baba aliliweka sebuleni kwanza, juu ya meza, ili kila mgeni alione kabla halijapikiwa. Asubuhi iliyofuata nilichukua kopo langu kama kawaida. Baba akanizuia mlangoni.

"Mutoto ya chef haendaka kuomba moto ku batu," aliniambia, kwa upole kabisa, huku akininyang'anya kopo.

Tangu siku hiyo chakula kilikuwa na harufu ya petroli. Mama jirani aliniita mara mbili tatu juu ya ukuta, halafu akaacha. Siku moja tukakutana njiani akanipisha, mimi mtoto, akasema "Bonjour, mutoto ya chef." Nilikwenda kulia nyuma ya choo na sikujua ninalia nini. Usidhani walitununia. Walituheshimu. Mtu akiwa na shida alikuja kusimama getini, kofia mkononi, akangoja baba amalize kula. Lakini hakuna tena aliyetutumia habari. Nani atamletea chef habari? Chef ndiye anayejua.

Vita vilipofika Bunia, kwa muda mrefu vilikuwa milio ya mbali ambayo watu wazima walijifanya hawaisikii. Kisha ikaja asubuhi moja. Nilitoka uani, na kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mbingu ilikuwa safi mno. Hapakuwa na moshi juu ya paa hata moja. Mama alitoka, akatazama juu, akaelewa kabla yangu. Alipanda juu ya ndoo akachungulia ng'ambo ya ukuta. Mlango wa mama jirani ulikuwa wazi, na kuku wake walikuwa wanatembea ndani ya nyumba. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda, na sisi tulikuwa tumelala.

"Balituacha," mama alisema. "Juu siye ni batu ya kuja." Na kweli tulikuwa wageni pale, tuliohamia kutoka Butembo, na miaka ile kila mtu alikuwa amekumbushwa kabila lake.

Baba hakushtuka. Alisema kama hali ingekuwa mbaya kampuni ingetuma gari. Akavaa suti, akafunga tai, akaketi sebuleni na mkoba wake magotini. Risasi zikasogea. Mama alimshika mkono, akamvuta, akamwomba, mwishoni akamtukana. "Mimi ni chef," baba alimjibu. "Habawezi kuniacha. Nyinyi mutangulie, nitawakuta na gari." Tulitokea kwa nyuma, tukashika njia ya Komanda kwa miguu hadi Beni. Baba hakufika Beni. Tuliuliza kwa kila aliyekuja baada yetu, halafu tukaacha kuuliza.

Sasa nimefika pale ambapo baba alitaka kufika, na zaidi. Nina dereva, nina watu wa kunifungulia milango, na jioni nakula peke yangu mbele ya televisheni. Ule mtaa haupo tena. Mahali pa nyumba yetu pana bohari la saruji. Ila nyuma yake nilimkuta mama jirani, mzee sana, macho yamefifia. Alipanguza kiti kwa kitenge chake akaniita madame. Nilipomwambia mimi ni nani, alinishika uso wote kwa vile vidole vyake. Nikamuuliza lile tu nililobeba miaka yote: siku ile, mbona mlituacha?

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Kubaacha namna gani, mutoto yangu? Tuliwaza mulisha kwenda na ndege. Bakubwa bote balikwenda na ndege. Tulipita pale ku geti, tukasema, bale balisha fika Kampala." Akatikisa kichwa. "Kama tulijua muko ndani, tungepiga geti. Na kama baba angekatala, bavijana bangemubeba mugongoni."

Nilirudi hotelini nikaketi kitandani na viatu vyangu. Mama alifia Kinshasa, katika chumba kizuri nilichokilipia mimi, na mpaka siku ya mwisho hakutaka Bunia itajwe mbele yake. Alikufa akiwachukia watu wale. Alinilisha chuki hiyo kama uji, nami nikaisomea, nikapandia vyeo vyote, nikiapa kwamba siku moja nitarudi wanione. Kumbe hakuna aliyetuchukia. Nimerudi, na hakuna wa kumwonyesha, na yule niliyepaswa kumwambia hasikii tena.