Mapigo Matano ya Katekista Machibya

Jumapili ya pili ya Januari kwaya ilisimama kuimba wimbo wa mwanzo, na hakuna aliyewapa sauti. Watu thelathini na wawili walikuwa wima, vitabu wazi mkononi, wakitazama nafasi iliyokuwa kati ya kinanda na safu ya besi. Hapo ndipo aliposimama Jilala Mayige kwa miaka kumi na tisa, kidole kimoja sikioni, akivumisha nota ya kwanza puani. Padre alikuwa ameshafika altareni. Alisubiri. Mtoto mmoja alikohoa nyuma, akanyamazishwa. Mwishowe msoprano mmoja akabahatisha, akaanza juu mno, na wengine wakamfuata wakihangaika hivyo hivyo hadi mwisho wa wimbo.

Minza alikuwa safu ya alto. Hakuimba. Yeye ndiye mke wa Jilala, na ndiye peke yake mle kanisani aliyejua kwamba mumewe hakuwa mgonjwa wala safarini.

Jilala ni fundi cherehani. Mjini Bariadi wengi wanamfahamu kwa sare za shule na majoho ya kwaya. Ana mkono usiokosea hata upana wa ukucha, na tangu ujana hapendi kitu kilichozidi. Uzi ukining'inia kwenye shati la mgeni anaweza kuinuka mazungumzo yakiendelea akaukata. Nyumbani ana kompyuta ya mezani, ya zamani, ambayo Minza aliishonea kitambaa cha kuifunika kama wengine wanavyofunika redio. Alijifunza programu ya kuandikia nota kwenye semina ya walimu wa kwaya kule Shinyanga, akarudi amechangamka kama kijana aliyeposa na kukubaliwa.

Kazi aliyojipa ilikuwa moja. Huko Nkoma, wilaya ya Itilima, alikuwepo mzee Machibya, katekista wa miaka thelathini na sita, mkulima wa pamba, aliyetunga nyimbo arobaini na moja za kanisani. Alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa kalamu ya wino kwenye madaftari sita makubwa, do re mi tupu, bila mistari ya kugawa mapigo. Vigango vyote vya jirani, makanisa madogo ya vijijini, viliziimba kwa kukariri. Jilala aliyaazima yale madaftari ili aziweke nyimbo hizo kwenye kitabu kimoja, kipate kubarikiwa Novemba kwenye jubilei ya kigango.

Waliifanya kazi hiyo wawili, jioni baada ya chakula, kwa miezi kumi na minne. Minza alisoma daftari kwa sauti, Jilala alibonyeza. Na karibu tangu wimbo wa kwanza mashine ilianza kusumbua. Wakifungua faili waliloliacha jana, kidirisha kidogo kilitokea katikati ya kioo kikisema faili limeharibika, kisha kikiorodhesha: chumba cha kumi na sita, yalitarajiwa mapigo manne, yamekutwa matano. Chumba cha thelathini na mbili, vivyo hivyo. Chumba ni ile nafasi kati ya mistari miwili ya wima, na Jilala alikuwa ameiambia programu kwamba kila chumba kina mapigo manne, kama nyimbo nyingi za kwaya zilivyo.

Aliogopa virusi. Alizuia flashi za watu wengine kuingia ndani ya nyumba. Aliiondoa programu, akaiweka upya, akaiondoa tena. Aliwauliza walimu wenzake kwenye kundi la simu, na mmoja wao akamjibu kwa mkato: futa kilichozidi, itakubali.

Ilikubali. Jilala alifuta pigo la tano, akahifadhi, akafunga, akafungua, na kidirisha hakikutokea. Minza anakumbuka jinsi alivyopiga meza kwa kiganja na kucheka. Anakumbuka pia kwamba yeye, daftari likiwa mapajani, alimwambia, "Baba Elia, hapo mzee huwa anavuta."

"Akivuta ni uzee," Jilala alisema. "Nota hazivuti."

Minza akafungua ukurasa unaofuata. Aliendelea kusoma, na mumewe akaendelea kukata, wimbo hadi wimbo, kila ilipotokea ziada. Nyimbo zilizokatwa zilifika thelathini na tatu.

Mzee Machibya hakupata kuzisikia. Alilazwa mwezi wa tano na mwezi wa sita akafa. Bariadi nzima ya waimbaji ilikwenda kuzika, na Jilala alikwenda na madaftari yote sita ndani ya mfuko wa plastiki, ameyafunga kwa heshima ili ayarudishe kwa wenyewe. Jeneza lilikuwa bado wazi. Mjane, Kwandu, ambaye wote walimwita mayu, yaani mama, alikuwa amekwisha kuweka rozari na kitabu cha sala. Akayashika yale madaftari, akamgeukia Jilala akamuuliza mbele za watu kama yaingie na mwenyewe au yabaki.

"Mayu, mwache aende nayo," Jilala alisema. "Nyimbo zote ziko kwenye kompyuta. Haziwezi kupotea tena."

Watu waliguna kwa kuridhika. Ilionekana ni neno zuri. Madaftari yakawekwa chini ya mikono ya marehemu, na Minza, aliyekuwa amesimama karibu, alijivunia mumewe.

Mwezi wa tisa ukafika na wimbo wa mwisho, wa arobaini na moja. Walikuwa wameuingiza kabla ya msiba na hawakuwa wameugusa tena. Safari hii haukuwa ule ujumbe tu. Wakiufungua, ujumbe ulitokea, na baada ya dakika kumi kompyuta yenyewe ilizimika. Wakiwasha, inazimika. Kitabu kilitakiwa kwenda kuchapwa. Jilala akalibeba kasha la kompyuta kwenye bodaboda, Minza akafuata kwenye nyingine amekumbatia kioo, wakaenda dukani kwa Hanif, anayeuza vifaa vya shule na kutoa fotokopi karibu na stendi. Mashine hapo huzitengeneza mpwa wake, Naila, msichana mwembamba mwenye maneno.

Naila alifungua kasha na kuchungulia, kisha akachomoa kwa vidole viwili fundo la nyuzi, la buluu na jeupe, kubwa kama yai. "Mwalimu, humu umeficha kanzu?" Feni ilikuwa imesongwa na vumbi la vitambaa, mashine ikichemka na kujizima. Alipuliza, akafuta, akawasha. Ilikaa nusu saa bila kuzimika. Jilala alishukuru sana, akaanza kutafuta pochi yake, lakini Naila alikuwa ameufungua wimbo, na kile kidirisha kikatokea palepale.

Akakisoma. Akashuka kwenye vyumba vilivyotajwa, akavitazama kimoja baada ya kingine.

"Huu ugonjwa wa ajabu," alisema. "Faili likiharibika kweli, linaharibika popote. Hili linaumwa mwisho wa mstari tu, kila ubeti, palepale. Hebu niimbie hapa."

Jilala aliimba kwa sauti ya chini, kwa aibu, kwa sababu kulikuwa na watu waliosubiri fotokopi. Naila hakujua muziki. Aligonga kaunta kwa kalamu tu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akamwomba arudie. Ikawa tano.

"Mwalimu, wewe mwenyewe unaimba matano. Hii mashine umeidanganya kuwa ni manne, ndiyo maana kila siku inakuuliza. Iambie tu ukweli, hapa na hapa ni matano, itanyamaza." Aliandika namba mahali fulani, akabonyeza, akafunga, akafungua. Kidirisha hakikutokea. Sauti ya kompyuta ikauimba wimbo wa marehemu, na mwisho wa mstari ikavuta, kama alivyokuwa akivuta. "Nyingine nazo zilikuwa hivi?"

Jilala aliacha kutafuta pochi. Minza alimtazama usoni akaona midomo imekuwa na rangi ya majivu.

"Zilikuwa hivyo," Minza akasema kwa niaba yake. "Tuliyatoa."

"Mmeyatoa? Yote?" Naila aliacha kutabasamu. "Si mnayo maandishi yenyewe?"

Hapo Jilala alishika ukingo wa kaunta. Akakaa juu ya katoni ya karatasi bila kutazama kama kuna kitu cha kukalia. Mteja mmoja alidhani ni kisukari, akataka kumletea soda. Minza anasema alimwona mumewe kwa mara ya kwanza kama mtu asiyejua mikono yake ni ya nani.

Naila alibaki na mashine siku mbili. Alitafuta nakala za zamani ambazo programu huzihifadhi yenyewe kwa siri, akazikuta, lakini inabakiza moja tu, ile ya kabla ya mwisho, na Jilala kwa uangalifu wake alikuwa amehifadhi kila wimbo mara tatu nne baada ya kuukata. Kwenye flashi ya zamani iliyosahaulika kwenye mtoto wa meza ya cherehani alipata nyimbo tatu zikiwa nzima. Zilizobaki ni thelathini.

Nyumbani Jilala alizisikiliza zote, moja baada ya nyingine, viatu vikiwa miguuni. Kila wimbo ulifika mwisho wa mstari ukakatika, ukaingia mstari unaofuata bila kupumua. Zilikuwa nadhifu na sawasawa, zikimaliza pamoja kama pindo la sketi, na hakuna hata mmoja ambao katekista Machibya angeujua kuwa wake. Jilala alijaribu kukumbuka ni wapi ziada ilikuwa na ni nota ipi iliyovutwa. Hakuweza. Kwaya yake ilikuwa imefundishwa upya kwa karatasi zake tangu mwaka uliopita, na vigango vya jirani viliazima karatasi zile zile, wakashukuru kwa kupata nota za kisasa. Minza naye alijaribu, akiwa jikoni, na kila alipofungua kinywa lilitoka lile toleo la mapigo manne. Akaacha kujaribu. Alilisikia tena na tena lile neno lake moja la kuhusu mzee kuvuta, na jinsi alivyolimeza.

Jilala alizuia kitabu kisichapwe. Halafu wakaenda Nkoma, kwa sababu mtu aliyestahili kuambiwa kwanza alikuwa Kwandu.

Walimkuta nyuma ya nyumba akichambua mbegu. Walisalimiana Kisukuma, wakapewa vigoda, wakapewa maji. Jilala alieleza kila kitu bila kujitetea: kidirisha, mapigo, kufuta, kaburi. Alipomaliza, Kwandu aliendelea kuchambua mbegu kwa muda, nzuri huku, zilizooza kule.

"Nilikuuliza," alisema hatimaye. "Mbele ya watu wote nilikuuliza, na wewe ndiye uliyesema aende nayo."

"Ni mimi, mayu."

"Mimi sijui kusoma yale mambo. Ningeyaweka tu kabatini. Yangekuwepo."

Minza alitamani mama yule apige kelele, awatukane, awafukuze. Kwandu hakufanya hivyo. Aliuliza tu ni wapi hasa walipokata, na Jilala akamwimbia mstari mmoja, akamwonyesha. Mama yule akaacha mbegu. Akacheka kidogo, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha.

"Hapo tunainuka," akasema. "Nyimbo zake alizitunga shambani tukipalilia. Unapiga jembe mara nne, ya tano unainuka, unakung'uta udongo, unavuta hatua. Usipoinuka unamkata mwenzako mguu. Sasa wewe umewainamisha watu mwaka mzima."

Jilala aliziba uso. Miezi kumi na minne aliishi na nyimbo hizo, akizipima kwa jicho la fundi, na hakuwahi kujiuliza zilizaliwa mtu akiwa ameshika nini mkononi. Alimwomba Kwandu aimbe zile anazokumbuka, aziandike upya hapo hapo. Alikuwa amekuja na daftari. Kwandu alianza wimbo mmoja, akakwama mstari wa pili. Akajaribu mwingine, akakwama. Akatikisa kichwa.

"Siwezi kukumbuka nikiwa nimekaa," akasema. "Subiri mvua. Palizi ikianza, njoo na jembe."

Jubilei ilifanyika kwa nyimbo za watu wengine. Wiki ya kwanza ya Januari, pamba ilipochipua na majani nayo yakachipua, Jilala aliandika barua ya mistari miwili kwa mwenyekiti wa kwaya, ambaye aliisahau mfukoni bila kuifungua. Kisha Jilala akafunga cherehani kwenye baiskeli ya kukodi na kuondoka kwenda Nkoma. Siku ya kwanza shambani aliinama pale wanawake walipoinuka, na jembe la jirani likapita kwenye kisigino chake. Siku ya nne aliinuka nao. Kila wakifika mwisho wa tuta hutoa penseli na kuandika alichosikia, kabla hakijamtoka. Kuna siku hupata wimbo mzima. Kuna wiki Kwandu anapalilia kimya tangu asubuhi hadi jua linawaka, na hakuna anayethubutu kumwuliza.

Hupiga picha kurasa na kumtumia Minza, naye huziingiza kwenye kompyuta Bariadi, akiiambia mashine ukweli wa kila chumba kama Naila alivyowaonyesha. Hadi palizi ya pili zimerudi nyimbo kumi na moja. Kumi na tisa hazijarudi, na Kwandu ana miaka sabini na minne.

Jilala yuko Nkoma. Anashona barazani kwa Kwandu baada ya saa nane, na asubuhi yupo shambani, mstari wa pili kutoka kulia.