Chonge za Mjukuu Wangu

Nianze na ng'ombe, maana ng'ombe nawajua kuliko watu. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, malori ya wanunuzi yakaanza kuja mnadani Katesh kutoka mbali, na wengi wa wale wanunuzi walikuwa hawajui kitu. Wanauziwa dume zee, wanaambiwa ni kijana. Mimi nilikuwa nasimama pale na fimbo yangu. Wakiniita namshika ng'ombe pua, naufungua mdomo, natazama meno ya chini, maana juu mbele hana, halafu nasema umri wake. Siku moja muuzaji akanitukana mbele ya watu, akasema mtu aliyeishia darasa la nne anasoma nini humo. Nikamwambia humu hamna herufi, mna uongo wako. Watu walicheka mpaka akafungua kamba akaenda zake na dume lake. Sikumhurumia, na hata leo simhurumii.

Basi ikajulikana Balangdalalu nzima kwamba mimi najua meno. Na mimi nikaamini.

Miaka ileile ndipo yalipoenea maneno ya meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu wanamfungua mdomo. Wakiona vinundu vyeupe kwenye fizi wanasema ni hayo, yasipotolewa mtoto anakufa. Wengine walisema yaliletwa na ndoo na vikombe vya madukani, kwamba tulipokuwa tunatumia vibuyu hayakuwepo. Nilicheka, lakini vibuyu vyangu sikuvitupa.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu mkubwa, alikuwa na miezi sita. Mama yake alikwenda mashineni kusaga akaniachia. Huyo mkwe wangu hatukuwa tunapatana. Alikuwa anaona nanuka ng'ombe, na mimi naona anaringa. Mtoto akaharisha, akalia mpaka sauti ikakauka. Nikamfungua mdomo kama ninavyowafungua mnadani. Nikaviona vinundu. Nikambeba hadi kwa bibi mmoja jirani aliyekuwa na spoku ya baiskeli ameinoa, akavichokoa vile vinundu, kumbe ndizo chonge mbili za chini zikiwa bado ndani ya fizi. Zilikuwa laini kama mbegu ya boga bichi. Kichwa nilikishika mimi.

Mama yake aliporudi akakuta damu kwenye kanga. Nikamwambia mtoto amejichoma na kijiko. Siku ya tatu kuharisha kukaisha, nikajisifu kimoyomoyo.

Akafika miaka saba. Meno ya mbele ya chini yalilala upande mmoja kama ua la zizi lililosukumwa na fahali, na akiuma, taya linakwenda pembeni. Shuleni walimwita Mlango Mbovu. Wakati huo tulishakatwa kutoka mkoa wa Arusha tukaitwa Manyara, na watumishi wageni wakaletwa wengi. Ndipo likaja gari na daktari wa meno, kijana kutoka mkoa mwingine, akakaa na tochi kwenye benchi nje ya zahanati kupima watoto. Mkwe wangu akampeleka binti yake. Mimi nikafuata, sijui kwa nini nilifuata.

Yule kijana hakuniamkia. Mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho, ananipita kama anapita mbuzi. Nikamchukia palepale.

Akamulika mdomo wa mtoto. "Chonge za chini ziko wapi?"

"Hazijaota, daktari," mkwe wangu akasema.

"Hazijaota, au mlizichokoa? Nyie watu wa huku spoku zenu hazikai kwenye baiskeli."

"Mimi sijawahi. Naapa kwa Mungu."

"Wote mnaapa. Sikiliza, mama. Hapa sina mashine ya picha, nategemea mdomo wako. Kama zimejificha, tunasubiri ziote. Kama zilitolewa, hakuna cha kusubiri. Aende hospitali kubwa mwezi huu akawekewe waya wa kushikilia nafasi, mfupa ukiwa bado laini. Ukinidanganya, huyu ataolewa akiwa na taya lake hilohilo."

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Mama mmoja nyuma akaguna, "Wenye meno ya plastiki hao." Wengine wakacheka.

Mkwe wangu akapandisha sauti. "Nimemlea mwenyewe. Hajawahi kushikwa mdomo. Muulize baba mkwe wangu huyu hapa, yeye ndiye anayejua meno."

Daktari akavua glavu. Akasimama, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Chonge za mtoto huyu zilichokolewa?"

Mtoto alikuwa bado ameachama, ananitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nisije nikasingizia kwamba nilishtukizwa, sikushtukizwa. Niliwatazama wale waliocheka, nikamkumbuka muuzaji wa dume.

"Hapana," nikasema. "Hazijaota tu."

Akaketi, akaandika kwenye daftari la mtoto kwamba asubiri miaka miwili.

"Umesikia?" mkwe wangu akamwambia. "Sasa niombe radhi."

"Samahani, mama. Tunaona mengi."

Kisha mkwe wangu akanigeukia, yeye aliyekuwa hanisalimii mpaka asukumwe na mumewe. Akapiga goti kidogo. "Asante, baba. Umenitetea."

Matusi yake ningeyavumilia, shukrani ile sikuiweza. Nikamwambia nakwenda kujisaidia. Nikapita nyuma ya zahanati, nikakipita choo, nikashika barabara ya kupanda Mbulu na fimbo yangu, hadi kijiji cha Daudi kwa dada yangu. Balangdalalu sijarudi tena.