Mrija ambao Albina hakuushika tena

Asubuhi ina baridi kali mtaani Chanji, mjini Sumbawanga. Umande bado haujakauka kwenye mabati, na Albina amechuchumaa mbele ya turubai lililoanikwa ulezi uliochipua. Anachota punje chache, anazitia mdomoni na kuzitafuna polepole, macho ameyafumba. Kisha anatikisa kichwa.

“Mama Timoth,” anaita ng’ambo ya ua. “Njoo unionjee kimea.”

Jirani yake, Rozina, anakuja akijifunga kanga juu ya sweta. Anatafuna, anatema maganda pembeni.

“Bado. Utamu ndio kwanza unaanza. Uache upate jua la leo.” Anamtazama mwenzake. “Wewe huusikii hata kidogo?”

“Kama natafuna mchanga.”

“Ungekuwa mke mwenzangu ningekulisha ugali mbichi kila siku.”

Wanacheka, kisha Albina anainama tena kusambaza ulezi.

Ana miaka hamsini na miwili, na tangu alipoolewa kazi yake ni kutengeneza kimea na kupika pombe ya ulezi. Wanunuzi walikuwa wakitoka mpaka Laela kwa sababu ya ulimi wake. Siku hizi wengi wamehamia kwa wengine, na kipato chake hakifiki nusu ya kile cha zamani.

Ulimi huo ulipoteza ladha mwaka 2021, baada ya mavuno. Nyumbani kwake kulikuwa na sherehe ndogo. Mtungi uliwekwa katikati, na kama walivyozoea, mwenye pombe, yaani Albina, alivuta kwanza kwa mrija wa tete ili wageni waone haina kitu kibaya. Kisha akaupangusa mrija kwa kiganja na kumpa mumewe, Nestory.

“Sikuwa naumwa,” anasema kwa sauti ya chini. “Nilikuwa mzima, nacheka na watu.”

Siku chache baadaye alishikwa na homa. Uji ukawa hauna ladha, hata chumvi akairamba asiisikie. Nestory naye akaanza kukohoa, pumzi ikawa ya kutafuta. Watu walisema ni changamoto ya kupumua, jina walilolipa korona siku zile. Albina akapona, mumewe wakamzika.

Mdomo ulibaki mkavu na fizi zikawa zinauma, ndipo akaenda kumwona tabibu wa meno aitwaye Leonsi. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba virusi vya korona havishambulii mapafu peke yake.

“Nilimwambia vina vishikio,” anasimulia Leonsi. “Mbigili hunasa kwenye sweta lakini kwenye bati huteleza. Virusi navyo hunasa kwenye seli zenye mahali pa kushika. Seli za namna hiyo zipo kwenye ulimi, kwenye fizi, ndani ya mashavu na kwenye tezi za mate. Vikiingia humo vinazaliana, vinatoka na mate. Mtu anaweza kuwa navyo kinywani kabla hajakohoa.”

Anasema wagonjwa wengi hurudiwa na ladha baada ya wiki au miezi. Wachache, kama Albina, huchelewa sana, na wataalamu bado wanatafuta sababu.

Siku hiyo Albina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo daktari, mate yangu siku ile nilipompa mume wangu mrija yalikuwa navyo?”

Leonsi aliweka chini kioo chake cha meno. “Inawezekana, mama. Inawezekana pia yeye ndiye aliyekuletea wewe. Alikuwa anapakia mahindi bandarini Kasanga, anakutana na watu wa kila upande. Hakuna kipimo cha kutuambia sasa.”

“Bora ungesema ndiyo,” Albina alimjibu. “Ningejua nimebeba nini.”

Tangu hapo hajashika mrija mbele ya watu. Anapika, anauza, anaondoka. Lakini Septemba hii binti yake, Silvana, anaolewa, na wifi yake Tereza, dada wa marehemu, alikuja mapema kusaidia maandalizi.

“Wifi, pombe ya mwanao nani atavuta kwanza?”

“Vuta wewe.”

“Mimi ndiye niliyemzaa? Wakwe wakiona mama anaukimbia mtungi wake, watauliza umetia nini humo.”

Kesho yake Albina alichukua panga akashuka bondeni kukata matete, akayarudisha mzigo mzima ili kila mgeni apate mrija wake. Tereza alipouona alicheka.

“Wifi, hii ni harusi au zahanati?”

Hapo Albina akamwambia. Alianzia kwenye ule mtungi, akaeleza alivyompa Nestory mrija uliotoka mdomoni mwake, na alichoambiwa na tabibu. Hakuwa amemweleza ndugu yeyote wa mumewe.

Tereza akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kukwangua matete.

“Hili limepasuka,” alisema. “Nipe jingine.”

Sasa mirija inakauka juu ya moshi jikoni, na Albina anasema siku ya harusi atakaa kwenye mtungi kama mama yeyote.

“Ladha sitaisikia,” anasema. “Lakini nitavuta mbele yao, wanione nimemeza. Halafu mrija wangu nitauvunja, niutie motoni. Silvana nitampa wake.”