Asnath atia mikono mifukoni ili aende chuo

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Asnath Chediel amekaa dawati la nyuma katika darasa la viziwi la shule moja ya msingi Sepuka, wilayani Ikungi. Mikono ameitia kwenye mifuko ya sweta. Kazi yake leo ni kutoitoa, na anaiona ngumu kuliko kufundisha.

Mbele yupo Mwalimu Hosea, akitumia lugha ya alama aliyofundishwa naye. Anaeleza hesabu za kugawanya vizuri tu, kisha anageukia ubao na kuendelea kueleza kwa mikono, huku watoto wakitazama mgongo wake.

"Nilitaka kuruka!" Asnath anasema baadaye, akicheka. "Sisi tunaosikia tuna kosa hilo. Unampa mtoto kisogo, unadhani maneno yatamfuata."

Kwa miaka sita amekuwa mwalimu pekee wa alama hapa. Akiugua, hakuna darasa. Mwaka jana alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya elimu maalumu, akaiacha. Mwaka huu ameitwa tena, na mkuu wa shule hakumficha: asipopatikana wa kulishika darasa, watoto watarudishwa nyumbani.

Wengine wangeishia kunung'unika. Yeye aliwakalisha wenzake chini kila mchana akiwafundisha alama, walimu pamoja na Mama Kristina wa jikoni, ambaye sasa anagomba kwa vidole zaidi kuliko alivyowahi kwa mdomo.

"Mimi niligoma," anakiri Hosea. "Nikamwambia, madam, vidole hivi ni vya jembe. Akanijibu, hata vyangu."

Ana ualimu wa kutosha, kwa nini ahangaike na chuo?

"Jirani yangu ana binti haoni wala hasikii," anasema. "Kila tukikutana ananiuliza, 'Mwalimu, wa kwangu lini?' Sijui hata pa kuanzia. Siwezi kubahatisha na mtoto wa mtu."

Darasani, Theresia, binti wa dawati la mbele, anachoka kutazama mgongo. Anainuka, anamshika Hosea mabega na kumgeuza. Darasa zima linaangua kicheko. Hosea naye anacheka, kisha anaanza upya, uso kwa watoto.

Asnath anasubiri wamgeukie yeye, kama wanavyofanya siku zote wakikwama.

"Hakuna aliyegeuka," anasema, macho yamemlowa. "Imeniuma, nisikudanganye. Lakini hapo ndipo nilipojua naweza kwenda."

Ataondoka chuo kikifunguliwa, na akimaliza atarudi Sepuka. Kwa sasa anafunga vifungo vya sweta, ana haraka.

"Napita kwa jirani," anasema. "Leo nina la kumjibu."