Mtoto wa Paa Niliyemwokota kwenye Kahawa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hata uzee haujanipoza. Nasema mapema kwa sababu kisa cha yule mtoto wa paa kilianza na hasira, ingawa wanangu hupenda kukisimulia kama kisa cha huruma.

Ilikuwa miaka ya emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Tulikuwa tukiishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika shamba la kahawa la mzungu, kati ya Ruiru na Thika. Laini zilikuwa zimezungushiwa seng'enge, na jua likikaribia kuzama askari alifunga geti. Aliyebaki nje, shauri yake. Mume wangu alikuwa kizuizini. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu wa kwanza, mtoto wa miezi mitatu. Kwetu sisi Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina huhesabiwa kuwa ndiye yeye mwenyewe. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa akimchukua mtoto mikononi akisema, "Hebu nijibebe kidogo." Mtoto akilia, husema, "Nimeona njaa mimi, ninyonyeshe."

Lakini mchana naye alikuwa kazini, akigeuza kahawa kwenye vichanja vya kuanikia, na mimi nilikuwa kwenye kuchuma. Huwezi kuchuma siku nzima na mtoto mgongoni, matawi yatamchapa usoni. Kila mwenye mtoto mchanga alimlaza mwisho wa mstari, kivulini, juu ya gunia, akamfunika leso, akaingia kwenye miti. Ukimaliza mstari unarudi, unanyonyesha, unaingia tena. Wenzangu walikuwa wamezoea. Mimi nilikuwa nikichuma huku nikigeuka kila mara kutazama gunia, na nyapara akinisemesha namjibu vibaya.

Siku moja alasiri nilikuwa kwenye mstari wa mwisho, ule unaopakana na kichaka cha mtoni. Niliinua tawi lililolemewa na matunda, nikamwona mtoto wa paa chini yake, amejibana kwenye nyasi, masikio yamelala, macho wazi. Hakumzidi sungura kwa ukubwa. Nilimgusa, hakusogea. Nikamtafuta mama yake kwa macho, hayupo. Nikachuma mti ule, na wa pili, na wa tatu, bado hayupo. Hapo damu ikanichemka. "Mama gani huyu," nikasema peke yangu, "anazaa halafu anatupa?" Nikamtukana yule paa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kisha nikamviringisha mtoto wake kwenye leso, nikamtia kikapuni, nikamfunika kwa majani, nikamfunga binti yangu mgongoni, nikapita nao wote getini.

Nyumbani nilichovya pembe ya kitambaa kwenye maziwa ya ng'ombe nikamwekea mdomoni. Aliuma meno, hakutaka. Nikajaribu tena na tena, maziwa yakamwagikia shingoni mwake. Jirani alichungulia akauliza kama maji ya supu yamechemka, nikamfungia mlango usoni.

Mama mkwe alirudi, akatua kuni, akamtazama yule mnyama.

"Umemtoa wapi?"

"Ametupwa, mama. Nimemkuta peke yake."

"Peke yake kwa muda gani?"

"Miti mitatu mizima. Mama yake hakuonekana kabisa."

Alinifungua mtoto mgongoni, akampakata, akamwangalia usoni.

"Na mimi," akaniuliza, "leo mchana ulinilaza wapi?"

Nilianza kufuta maziwa shingoni mwa mtoto wa paa.

"Nilikuwa peke yangu pale," akaendelea. " Kama mtu angepita akanihurumia akanichukua, ungerudi ukute nini juu ya gunia?"

Nilifungua mdomo nibishe, nikaishia kulia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Alinieleza taratibu kwamba ndivyo paa wanavyolea. Mtoto mchanga hawezi kukimbia, na mama akikaa naye, mbwa watafuata harufu ya mama. Kwa hiyo humficha, akaenda kula mbali, akarudi kumnyonyesha jua likipungua. Leo mtu akinijia na mnyama mchanga aliyemwokota, kabla sijamgusa namuuliza alingoja muda gani, na kama mnyama yuko mzima ninamwambia amrudishe palepale.

Jua lilikuwa linazama wakati tunaongea. Yule mama alikuwa labda amefika chini ya mti wangu, anakuta nyasi tupu. Nilisimama nimrudishe, mama mkwe akanishika mkono. Geti lilikuwa limefungwa, na askari wa siku zile hakuuliza mara mbili kabla ya kupiga risasi. Ilibidi tungoje asubuhi. Kama hangenyonya mpaka asubuhi angeweza kufa, na kama angepona, mama yake angeweza kumkataa.

"Ananuka moshi," mama mkwe alisema kulipopambazuka, "na ananuka wewe." Alikuwa amefuga mbuzi maisha yake yote kabla hatujaletwa kwenye laini. Akakoroga chumvi kwenye maji kidogo, akampaka mgongoni na kichwani, kama alivyowapaka watoto wa mbuzi waliokataliwa. Mama huja kwa ajili ya chumvi, akaniambia, na akishalamba amemkubali.

Asubuhi ile kazi ilihamia upande mwingine wa shamba. Nilimwendea nyapara nikaomba nirudi mistari ya jana niokote matunda yaliyoanguka chini, kazi ambayo hakuna mchumaji aliyeitaka.

"Wewe," akasema, "wewe uliyetaka kunipiga juzi kwa sababu ya hesabu ya madebe yako ya kahawa, leo unataka kuokota?"

"Nimeomba vizuri," nikamwambia. Akaniangalia kama anayengoja ngumi, akaniruhusu.

Nilimrudisha palepale, kwenye nyasi zilizolala. Alijibana chini kama jana, ila pumzi zake zilikuwa fupi. Nikaenda hadi mwisho wa mstari, nikakaa nikimnyonyesha binti yangu ili asilie. Jua likapanda. Nilikuwa nikisema moyoni, njoo, tafadhali njoo, nisamehe.

Mama paa alikuja kutoka upande wa mto, akisimama kila baada ya hatua chache. Alimnusa mtoto, akarudi nyuma. Nikajua nimemuua. Akamsogelea tena, akanusa kichwa, akaanza kulamba. Alilamba kichwa, akalamba mgongo wote, bila haraka. Mtoto akainuka, miguu inatetemeka, akapiga kiwele kwa kichwa, akanyonya. Nilijiziba mdomo kwa leso nikalia.

Nilidhani baada ya usiku kama ule mama hatabanduka kwake tena. Lakini mtoto aliposhiba alimwongoza mpaka nyasi za mti wa jirani, mtoto akajilaza, na mama akageuka kwenda kula. Hakukimbia. Alisimama akaangalia nyuma, akaenda kidogo, akasimama tena.

"Nenda tu, mama," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Mimi nipo."

Nikamlaza binti yangu juu ya gunia, kivulini. Asubuhi nzima niliokota kahawa kwenye mstari ule mmoja, nikienda na kurudi, nikiwaangalia wote wawili.