Ukuta wa Mama Simone

Saa mbili asubuhi, fundi Germain anagonga nyundo kwenye ukuta alioujenga kwa mikono yake mwenyewe, huku akicheka.

"Maman Simone, miye njo nilijenga, miye njo nabomoa. Kazi ya namna gani hii?"

"Weye bomoa tu," anamjibu mwenye nyumba, akiokota matofali mazima.

Simone, mjane wa miaka hamsini na tisa, anapangisha vyumba katika mtaa mmoja wa mji wa Likasi, Kongo, ambao waendesha pikipiki hukataa kuuingia jua likizama. Vyumba viwili ni vitupu. Cha tatu ni cha Carmen, mshona nguo, naye ameshafunga mizigo. Akiondoka, Simone hana budi kuuza, na mnunuzi anataka kiwanja tu. Nyumba ya marehemu baba yake, aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, itaangushwa.

Zamani hapa palikuwa kambi ya wafanyakazi. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na ua wa minyaa wa kufika kiunoni, basi. Watoto walikula bukari, ugali wa huku, popote njaa ilipowakuta. Mwizi akionekana, mtu alipiga sufuria, na kila aliyesikia akatoka akipiga yake.

"Tulikuwa tunalala muzuri," anasema Simone, na macho yake yanakwenda mbali. "Muzuri sana."

Wezi walipozidi, akajenga ukuta mrefu, chupa zilizovunjwa juu, geti la chuma mbele. "Nilizani balocataires, bapangaji, batakimbilia hapa. Nilijiona mujanja!"

Msimu wa mvua uliopita, wezi walitandika gunia juu ya zile chupa wakaingia. Carmen alipiga sufuria mpaka mkono wake ukafa ganzi. Majirani walikuja.

"Tulifika," anasema Patrice, jirani wa upande wa pili. "Lakini tutapita wapi? Porte iko na cadenas, kufuli ya ndani. Tulibakia inje, tunasikia Carmen, mutoto wa benyewe, analia."

Nyuma ya ukuta, wezi walibeba cherehani ya Carmen bila haraka. Wapangaji wawili wakahama mwezi huohuo.

Adhuhuri ukuta uko chini. Simone anamwomba Carmen apige sufuria.

"Mchana hivi, Maman?"

"Piga, mwanangu."

Carmen anapiga kidogo, kwa aibu. Sufuria moja inaitikia ng'ambo, kisha nyingine, kisha mtaa mzima. Patrice anaruka matofali, bukari ingali mkononi. Nyuma yake mama mmoja ameshika mchi, mwingine ana povu la sabuni kichwani.

"Mwizi iko wapi?"

"Hakuna," anasema Simone, na machozi yanamtoka waziwazi. Hajausikia mtaa ukiitikia hivyo tangu geti lilipowekwa.

"Maman Simone, utatupasua moyo!" anafoka Patrice, kisha anacheka.

Mvua za kwanza zikinyesha, Simone atapanda minyaa. Ifike kiunoni, isizidi.

"Sijasema nabakia," Carmen anaonya. Lakini sufuria hairudishi kwenye mizigo. Anaitundika kwenye msumari wa mlango wake.