Uso Bila Mafuta

Nikifungua kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, harufu yake hunirudisha nyumbani kwetu Mundika, Jumapili asubuhi. Mama alikuwa akitupaka hayohayo usoni mpaka tung'ae kama yeye. Dada yangu mkubwa alikuwa na chunusi, na kila akipakwa zilizidi. Jumapili moja akanawa maji matupu, akakataa kopo.

"Watu watasema nimeshindwa kukununulia mafuta!" mama akafoka.

"Waache waseme, mama. Uso ni wangu."

Siku hiyo dada akasoma somo mbele ya kanisa zima, uso mkavu, sauti haitetemeki hata kidogo. Nilimwona mkubwa kuliko padri.

Jumapili iliyofuata mama hakufungua kopo. Aliingia kanisani uso mkavu, akaketi mbele kabisa, kando ya dada.